Toroli la Mashuka Mabichi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku tu wazima. Mke wangu alikamatwa na kikohozi wiki mbili nzima, sasa kimemwachia. Watoto wamerudi shuleni na nyumba imepoa. Natumaini ule mvuke wa chumba cha kufulia haujakurudishia kifua, na mpwa wangu amemaliza mitihani yake salama.

Jambo lenyewe ni hili. Nimepewa kazi ya kuandika kitabu cha fizikia cha sekondari, sehemu ya kani na mwendo. Nilipeleka sura ya kwanza kifua mbele. Mhariri akanirudishia imejaa wino mwekundu. "Mwalimu," akaniambia, "umeandika mtoto anateleza juu ya barafu. Watoto wetu barafu wameiona wapi, kwenye soda?" Miaka kumi na tisa nafundisha kwa mifano niliyofundishwa mimi.

Njiani kurudi nyumbani nikakukumbuka wewe. Umesukuma matoroli ya hospitali miaka mingapi sasa? Niandikie jinsi toroli linavyoanza kwenda na linavyokataa kusimama. Usihangaike na lugha, andika kama unavyoongea. Mimi nitapanga.

Mdogo wako,
Profesa (bado najiita jina ulilonipa)


21 Februari

Profesa wangu,

Barua nimeisomea kwenye benchi, nikisubiri mashine imalize kukamua. Mpe wifi pole ya kikohozi. Kifua changu hakina neno. Mpwa wako anasubiri matokeo, amekonda kwa kusubiri, na kila akisikia pikipiki anachungulia dirishani kama vile matokeo huletwa kwa pikipiki.

Umesema nisihangaike na lugha. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma saa, mdogo wangu. Lugha nitahangaika nayo mwenyewe.

Toroli tupu ukiligusa tu linakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Likijaa mashuka mabichi ni kilo mia na themanini, tumelipima kwa mizani ya stoo. Hilo unalisukuma na linakutazama. Unatia bega, unakaza mguu, mwishowe linaanza. Wageni wa kazi hudhani taabu imeishia hapo. Kumbe kilichokuwa kinalifanya likatae kuondoka ndicho kitakacholifanya likatae kusimama. Toroli linataka kubaki lilivyo, basi. Likiwa limesimama, liache lisimame. Likiwa linakwenda, liache liende.

Jambo la pili. Ushoroba wetu una sakafu mbili, vigae vipya na saruji ya zamani yenye nyufa. Kwenye vigae ukilisukuma mara moja ukaliachia, linakwenda hatua kumi. Kwenye saruji halifiki nne. Toroli ni lilelile. Kwa hiyo linaposimama si kwamba limechoka, ni sakafu imelikamata magurudumu.

Jambo la tatu, la kulisimamisha. Mjinga husimama mbele yake akajikaza kama nguzo. Sisi tunaolijua tunalipokea kwa mikono huku tunarudi nalo nyuma, hatua baada ya hatua, mpaka linatulia. Ukilipa muda halikuumizi. Ukilinyima muda, utajua limebeba nini.

Chagua linalokufaa. Matokeo yakitoka nitakuwa na neno na wewe.

Dada yako


10 Machi

Dada yangu,

Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini. Umeandika kanuni ya kwanza na ya pili za mwendo bila kujua! Ule ukaidi wa toroli wa kutaka kubaki lilivyo wataalamu huuita inesha, na kadiri kitu kinavyokuwa kizito ndivyo inesha yake inavyokuwa kubwa. Sakafu inayokamata magurudumu ndiyo msuguano; bila huo na bila upepo, toroli lingekwenda moja kwa moja bila kusimama. Na kule kurudi nyuma nalo ndiko kanuni ya pili yenyewe: mwendo uleule ukiuzima kwa muda mrefu, kani inakuwa ndogo, ukiuzima ghafla, kani inakuwa kubwa. Mhariri amesoma na hajaweka hata tone la wino mwekundu.

Nimebakiza kanuni ya tatu. Ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma wewe kwa kani iliyo sawa, upande wa kinyume. Kila mwaka wanafunzi huniuliza: kama toroli nalo linanisukuma sawasawa na ninavyolisukuma, mbona linakwenda? Nawaeleza, wananitumbulia macho. Huna mfano?

Matokeo ya mpwa wangu yakitoka unijulishe. Tutazungumza.

Profesa


29 Machi

Profesa,

Tu wazima. Paa linavuja upande wa jikoni, tumehamisha jiko, mambo yanaendelea.

"Bila kujua" uliyoandika imenikaa kooni. Ninajua. Jina lake ndilo nilikuwa silijui.

Mfano wako huu hapa. Wiki iliyopita sabuni ya maji ilimwagika mlangoni. Nikafika na toroli lililojaa, nikalisukuma kwa nguvu zangu zote. Lenyewe likabaki palepale, mimi ndiye niliyeteleza kurudi nyuma mpaka nikapiga magoti. Wenzangu wakaangua kicheko: "Leo toroli limemsukuma mama!" Nami nikaona, kweli, limenisukuma. Hunisukuma kila siku, ila siku zote miguu yangu huwa imeing'ang'ania sakafu, na sakafu inanisukuma mbele. Siku ya sabuni sakafu iliniacha. Waambie wanafunzi wako hivi: toroli halijali linachokufanya wewe, linajali kinachofanyiwa lenyewe. Msukumo wangu uko juu yake, msukumo wake uko juu yangu. Misukumo hiyo haiko mahali pamoja hata ifutane.

Sasa neno langu. Matokeo yametoka. Mpwa wako amechaguliwa kuendelea na sayansi, shule ile ya mjini kwenu yenye geti la bluu unayoipita ukienda kazini. Ni ya kutwa, haina bweni. Inafunguliwa tarehe nane Julai, na asiyeripoti ndani ya wiki mbili nafasi yake anapewa mwingine. Naomba akae kwako miaka miwili. Anajua kupika, kufua na kunyamaza. Atalala popote mtakapomwonyesha.

Tangu Baba aseme mmoja ndiye atakayeendelea na masomo, na kwamba ni wewe kwa kuwa ni wa kiume, sijakuomba kitu. Mwaka ule alama zangu zilizidi zako. Barua ya shule niliisoma mimi, kwa sauti, Baba akisikiliza. Sisemi ili unionee huruma. Nasema usije ukadhani nimesahau.

Toroli namba nne limekatika breki. Msimamizi anasema wiki ijayo litatengenezwa.

Dada yako


16 Mei

Dada yangu,

Samahani kwa kuchelewa. Mitihani ya muhula, kisha kitabu, kisha mtoto mdogo akaumwa sikio.

Mfano wa sabuni ni dhahabu. Nimeuandika wote.

Kuhusu mpwa wangu, nimefurahi mno, hongera zake. Ila unajua nyumba yetu. Kile chumba cha nyuma kimejaa karatasi za kitabu, na mke wangu siku hizi hana nafasi hata ya kupumua, sitaki kumtwisha jambo jingine kwa sasa. Mambo yakitulia kidogo tutaangalia. Asikate tamaa.

Nina upungufu mmoja: mazoezi. Mhariri anataka swali moja gumu kuhusu kusimamisha kitu kizito, lenye namba. Ukikumbuka kisa chochote, nitumie.

Profesa


20 Juni

Profesa,

Salamu. Mwandiko utauona si wangu. Mkono umechoka, anaandika mpwa wako nami nasema. Kazini nimepewa mapumziko kidogo. Paa bado linavuja.

Swali lako hili hapa. Toroli la mashuka mabichi, kilo mia na themanini, linaachiwa juu ya mteremko unaotoka wodini kwenda kufulia. Breki halina. Linafika chini kwa mwendo wa mita tatu kwa sekunde. Hapo mpwa wako amekadiria, alipima mteremko kwa kamba na kuhesabu kwa saa ya ukutani. Chini yupo mwanamke wa kilo sitini. Nyuma ya mwanamke, kama hatua moja, yupo bibi mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu, na nyuma ya bibi ni ukuta. Mwanamke anasimama katikati ya toroli na bibi. Hana pa kurudi nyuma. Toroli linazimika kwa robo sekunde.

Swali: mwanamke anapata kani kiasi gani? Na je, alifanya busara?

Shule inafunguliwa tarehe nane. Nijibu hilo, na nijibu lile lingine.

Dada yako


1 Julai

Dada,

Swali tamu sana! Nimelifanya palepale nilipofungua bahasha. Angeweza kurudi nalo nyuma kwa sekunde mbili, kani ingekuwa nyutoni mia mbili na sabini tu. Kwa robo sekunde ni nyutoni elfu mbili mia moja na sitini, kama kutupiwa ghafla mzigo wa kilo mia mbili na ishirini. Masikini mwanamke wa watu! Angetumia akili badala ya kifua.

Nimemwondoa bibi wa kwenye kiti, anamchanganya mwanafunzi. Tunabaki na toroli, mwanamke na ukuta. Linakuwa swali la saba.

Mpwa wangu ana mwandiko mzuri. Mwambie mwakani, Mungu akijalia, tutafanya mpango. Mwaka huu usingewezekana kabisa. Mkono ukipona niandikie.

Profesa


3 Novemba

Dada yangu,

Nimekuandikia mara mbili, Agosti na Septemba, sijapata jibu. Nimeuliza kwa watu wanaotoka huko, wanasema mpo. Basi nimeshukuru kwa hilo.

Kitabu kimetoka. Nakutumia nakala, jalada la kijani. Katika dibaji nimemshukuru mhariri, mke wangu, na "mfanyakazi mmoja wa kufulia aliyenipa mifano kutoka katika maisha ya kawaida." Ni wewe huyo. Mhariri alitaka dibaji iwe fupi.

Nisalimie mpwa wangu. Niandikie hata mstari mmoja.

Profesa


25 Novemba

Ndugu yangu,

Kitabu kimefika. Mwandiko huu ni wangu, mkono haukuwahi kuwa na shida.

Tarehe kumi na moja Juni, saa tano asubuhi, nilikuwa chini ya mteremko na furushi la mataulo. Juu alikuwepo mfanyakazi mgeni, wiki yake ya kwanza, wamempa toroli namba nne. Wiki ijayo ya msimamizi ilikuwa haijafika tangu Machi. Likamponyoka. Nilipiga kelele, mashine zikazimeza. Bibi alikuwa amewekwa pale asubiri picha ya mguu, na kiti kilikuwa kimefungwa magurudumu. Niliangalia toroli, nikamwangalia yeye. Alikuwa anachezea kifungo cha kanzu yake, hana habari.

Mimi sikuwa mgeni. Nilijua halitasimama lenyewe. Nilijua sina hatua za kurudi nalo. Nilijua mapema kuliko wewe na nyutoni zako, na nilisimama. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Nililazwa wodi namba tatu, nikalalia mashuka niliyoyafua mwenyewe. Bibi alitoka na mchubuko wa kidole. Alikuja kunitazama mara moja, akaniletea kipande cha sabuni, akakaa, akaondoka.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Nilikuwekea maswali mawili katika bahasha moja. Nilitaka kuona lipi utalijibu kwanza. La toroli ulilijibu palepale ulipofungua bahasha. La mtoto ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kisha nafungua kitabu, ukurasa wa arobaini na mbili. Bibi hayupo. Bila bibi, mimi ni mwanamke aliyekwenda kusimama mbele ya toroli kwa upumbavu wake. Na nyuma ya kitabu, kwenye majibu, umeandika: "Hapana. Alipaswa kupisha." Watoto wangapi wataandika hivyo wapewe tiki?

Tarehe nane Julai mpwa wako alikuwa amekaa kitandani kwangu, ananilisha uji kwa kijiko. Tarehe ishirini na mbili ikapita. Agosti msimamizi akaja nyumbani. "Mama," akasema, "nafasi yako hatuwezi kuiacha wazi. Labda aje binti." Binti mwenyewe ndiye aliyesema, "Naanza lini?" Sasa ana miezi mitatu kwenye matoroli. Amefanya hesabu ya mteremko, ameichora vizuri kwenye karatasi safi, ameonyesha kwa nini wanatakiwa watu wawili kwa kila toroli, akampelekea mkuu wa hospitali. Wakamsifu. Wakabandika tangazo ukutani: SUKUMA KWA UANGALIFU.

Kitabu chako anakisoma wakati wa chakula cha mchana. Anasema kimeandikwa vizuri, isipokuwa pale ulipoandika wewe.

Dada yako


9 Desemba

Dada,

Nimeanza barua hii mara nne. Sijui nisalimie vipi, kwa hiyo sisalimii.

Barua yako mke wangu aliipokea kabla yangu, akaifungua akidhani ni ya shule. Nilimkuta amekaa nayo mezani, pamoja na zako za nyuma alizozitoa kwenye droo. Akaniuliza, "Huyu mtoto aliomba kuja tangu Machi?" Nikamweleza nilivyokujibu. Akasema, "Hukuniuliza. Ukaniweka mimi mbele kama ngao." Ndivyo ilivyo, dada. Sikumuuliza kamwe. Karatasi zilikuwa maboksi matatu, nimezihamisha kwa nusu saa.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijiona nimekaa mezani jioni, na yeye yuko mbele yangu na daftari, ana uso wako wa mwaka ule ulipomsomea Baba ile barua ya shule. Nilikuwa nyuma ya mlango siku hiyo. Nilisikia alama zako. Baba alipokuja kuniambia nimechaguliwa mimi, ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, najua, lakini ningeweza. Nilinyamaza na nikaona inawezekana kabisa kunyamaza, na tangu hapo sijaacha.

Mhariri nimemwandikia kuhusu swali la saba. Nakala elfu tano zimeshasambazwa mashuleni. Anasema labda chapa ya pili, kama itakuwepo.

Chumba kiko tayari. Aje hata kesho. Nitakuja mwenyewe kumchukua, Jumamosi ya pili ya Januari. Na nitakupeleka kwa daktari wa mifupa wa huku. Niruhusu.

Mdogo wako


28 Desemba

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Wifi naye ameniandikia, barua yake peke yake, kurasa mbili. Mwambie nimemsikia, na sina neno naye.

Nimemsomea mpwa wako barua yako yote, mpaka pale pa nyuma ya mlango. Alikuwa anapaka mafuta viganja, vimepasuka kwa dawa ya kufulia. Nikamuuliza, "Unakwenda?" Akaniambia, "Mama, nafasi ile alipewa mwingine Julai. Nikienda sasa nakwenda kuwa nani, mgeni wa chumba?" Nikamwambia, "Mjomba wako anasikitika." Akasema, "Namwamini. Lakini asubuhi toroli linanisubiri mimi, halimsubiri yeye." Akazima taa akalala. Ana miaka kumi na minane na anaongea kama mtu aliyekwisha kustaafu. Hilo sijalisamehe, na sijui kama nitalisamehe. Usiniombe.

Ameniambia Aprili atajiandikisha kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, akipata ruhusa ya zamu. Msimamizi anasema ataangalia. Mimi nawajua wanaoangalia.

Kwamba ulikuwa nyuma ya mlango nilijua siku ileile. Niliona vidole vya miguu yako chini ya mlango. Nilikungoja utoke.

Unasema utakuja Jumamosi ya pili ya Januari. Njoo. Mpwa wako atakuwa kazini mpaka saa kumi, kwa hiyo utanikuta peke yangu, na mlango huwa hatufungi mchana. Sukuma tu uingie. Utanikuta kwenye kiti karibu na dirisha. Usione sijainuka kukupokea ukadhani ni hasira. Hasira ninayo. Lakini kuinuka siwezi.

Dada yako